Maharage mekundu makavu kwenye sufuria ya umeme? Thubutu!

Mkuu, hiyo sufuria izime kwanza. Umeandika kwamba kesho asubuhi unatupia maharage mekundu makavu, soseji na viungo kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, unaenda kazini, jioni unamwagia wali kama watu wa Louisiana. Mimi nilifanya hivyohivyo hapa Houston, tena nikaalika na watu.

Maharage mekundu mabichi yana sumu, lektini. Dawa yake ni maji yanayotokota. Hizo sufuria nyingine joto lake linaishia nyuzi 80 za Selsiasi hivi, na hapo sumu haifi, inaongezeka ukali. Punje 4 au 5 tu zinatosha kukulaza. Sisi tulikula mabakuli! Yalikuwa na kaugumu fulani katikati, mgeni mmoja akasifia eti hayajarojeka. Saa mbili baadaye watu wanne tunagombea choo kimoja. Mimi mwenye nyumba nikaangukia ndoo ya kudekia, si mgeni apewe heshima yake? Mmoja alitundikiwa dripu, bili tukachangia mpaka Krismasi. Cheka tu, sasa hivi hata mimi nacheka.

Aliyeniponza ni jamaa wa video, aproni safi kama ya harusi: tupia vyote, washa, nenda zako. Eti New Orleans, hukohuko Louisiana, ndivyo wanavyopika Jumatatu, siku ya kufua, chungu kinashinda motoni. Jumatatu ni kweli, ila chungu cha jikoni kinatokota, hakipashwi kama maji ya kuogeshea mtoto. Nilimwandikia kwenye maoni, akafuta. Mama yangu Morogoro hajawahi kusikia habari za lektini, lakini maharage yake yalichemka kwenye mkaa hadi mfuniko unacheza ngoma, na hatukuugua hata siku moja.

Loweka usiku kucha, maji yale mwaga, weka mapya, bandika kwenye jiko la kawaida yatokote dakika 30, uangalie saa, usikadirie. Baada ya hapo hamishia kwenye sufuria yako ya umeme ukitaka. Ukiona uvivu nunua ya kopo, hayo yameshapikwa.

Soseji tafuta andouille, ile ya moshi. Vitunguu, hoho na seleri kaanga kwanza. Mchele je, utumie upi? Wowote tu. Hayo ya kesho umeshayaloweka?