Filta ya hewa: kabla ya kuuliza ni ya kampuni gani, bonyeza mpira wa ukingoni

Mkuu, swali lako niliwahi kulijibu mwenyewe, nikalijibu vibaya, na nikalipia. Umesema gari lako ni la petroli, la kwenda kazini na kurudi, filta ya hewa (hii wengine wanaiita eya klina) imeshakuwa nyeusi, na mbele yako zipo tatu: ile ya kampuni iliyotengeneza gari, ile ya bei rahisi inayofanana nayo kama pacha, na ile ya pamba inayofuliwa, ambayo muuzaji anakuapia kwamba utakaa nayo maisha na itakupunguzia ulaji wa mafuta. Unauliza ubebe ipi.

Hilo la mafuta tulimalize kwanza, maana ndilo linalowauzia watu vitu. Kwenye gari la nozeli (zile zinazopulizia petroli kwenye injini) na kompyuta, filta chafu hailifanyi gari linywe mafuta kama tunavyoambizana vijiweni. Maabara ya Oak Ridge ya Marekani ililipima jambo hili mwaka 2009: waliziba filta kwa makusudi kwenye magari ya kisasa, na ulaji wa mafuta haukubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichopungua ni uwezo wa gari kuchomoka ukikanyaga. Magari ya zamani ya kabureta, yanayochanganya petroli na hewa bila kompyuta, ndiyo yaliyoongeza ulaji. Ukifikiria inaeleweka, kwa sababu kompyuta inaangalia hewa iliyoingia ndipo inapima petroli ya kumwaga. Hewa ikiwa pungufu, petroli nayo inapunguzwa, na wewe unakanyaga zaidi kidogo bila hata kujua.

Filta ipo kwa ajili ya vumbi, basi. Kila lita moja ya petroli inaungua pamoja na hewa lita 9,000 hivi. Ukimaliza lita 40, injini yako imevuta hewa ya kujaza vyumba saba vya mita nne kwa nne, sakafu hadi dari. Vumbi lote lililokuwa likielea kwenye vyumba hivyo lina njia moja tu, na kwenye njia hiyo kuna kipande cha karatasi. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikipita, zinakaa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na kazi yake pale ni ile ile ya msasa. Hutaona kitu wiki hiyo wala mwezi huo. Utaona baadaye, oili inapungua bila kuvuja popote na sailensa inatoa moshi wa bluu.

Sasa nikupe kisa changu. Nilichukua ile pacha. Urefu sawa, upana sawa, hata namba kwenye boksi ilikuwa inalingana. Fundi akaiweka, akarudisha mfuniko, klipu zikafunga kwa kidole kimoja. Nikafurahi kabisa, kwa sababu ile ya mwanzo ilikuwa lazima ukandamize mfuniko kwa kiganja ndipo klipu ikubali. Laiti ningejua kwamba lile lilikuwa onyo.

Miezi ikapita. Gari likaanza kutetemeka nikisimama kwenye taa za barabarani, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) ukipanda na kushuka kama mtu mwenye kwikwi. Kisha taa ya injini ikawaka kwenye dashibodi. Fundi wa kwanza akasema plagi, tukabadilisha plagi. Haikusaidia. Nikaenda kwa fundi mwingine, mtu mzima, wa maneno machache. Hakugusa plagi. Alifungua bomba linalotoka kwenye boksi la filta kuelekea kwenye injini, akazungushia kitambaa cheupe kwenye kidole, akakiingiza ndani na kufuta mara moja. Kilitoka na rangi ya udongo, vumbi laini kama poda. Akanionyesha bila kusema kitu, halafu akauliza, "Kaka, hii filta yako inachuja nini?"

Kwa bahati ile filta ya zamani ilikuwa bado imezagaa kwenye buti la gari. Akazilaza mbili juu ya bonneti, ubavu kwa ubavu. Karatasi ungeapa ni moja. Ila mpira unaozunguka ukingo wa ile mpya ulikuwa mfupi, kama milimita mbili hivi, na mgumu kama soli ya kandambili. Ukiubonyeza kwa ukucha haurudi. Ndani ya boksi, upande mmoja, kulikuwa na mchirizi wa vumbi uliokatiza ukingoni moja kwa moja hadi upande uliotakiwa kuwa safi. Hewa nayo ina akili zake. Ikipata upenyo wa milimita mbili haihangaiki kupenya kwenye karatasi.

Kilichokuwa kinasumbua ni sensa ya hewa, ile yenye kiwaya chembamba kinachopata moto na kupima hewa inavyokipoza. Kiwaya kilikuwa kimevaa koti la vumbi, kinaidanganya kompyuta. Kilisafishwa kwa dawa yake ya kupulizia, na mtetemo ukaisha siku hiyo hiyo. Lakini vumbi lililokwisha kuingia ndani ya injini hakuna wa kulitoa. Gari lile likaja kuanza kula oili kidogo kati ya sevisi na sevisi, na kila nilipofungua galoni ya kuongezea nilikumbuka kile kitambaa.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniuliza "kampuni gani nzuri?" namwambia abonyeze mpira kwanza. Uwe mlaini, ukiuachia urudi, na uwe wa kipande kimoja kuzunguka pande zote. Kona ndizo huwa mbovu: utakuta kiungo, au mpira umejaa huku na umenyauka kule. Kisha ilaze filta juu ya kitu kilichonyooka, kioo cha kaunta kinatosha. Ikibembea, fremu imepinda, na mfuniko hautainyoosha.

Karatasi unaiangalia mikunjo yake. Iwe imesimama wima na kuachana sawasawa. Ikilaliana, eneo la kuchujia limepotea ingawa karatasi ipo. Filta nyingi nzuri zina mistari ya gundi inayoshika mikunjo isisogee, na ukipitisha kidole taratibu utasikia imekakamaa. Hesabu mikunjo ukiwa na ile ya zamani mkononi. Mpya ikiwa na mikunjo michache zaidi kwa urefu na kimo kile kile, mtu amebana matumizi ya karatasi. Mwisho ishike mbele ya taa. Mwanga unatakiwa upite hafifu na wa kulingana. Nukta moja inayong'aa ni tundu, irudishe hapo hapo dukani.

Ukishaiweka, fanya alichonifundisha yule mzee. Paka grisi nyembamba sana kwenye ukingo wa mfuniko unaokutana na mpira, funga klipu zote, fungua tena. Alama ya grisi iwe imezunguka mpira mzima bila kukatika. Sehemu isiyo na alama ndiyo mlango wa vumbi. Futa grisi, funga, endesha. Kazi ya dakika tano, na sijawahi kuona gereji inayoifanya bila kuombwa.

Kuhusu namba: usinunue kwa jina la gari peke yake. Gari moja, mwaka mmoja, linaweza kuja na injini mbili tofauti na kila injini ikawa na filta yake. Chukua namba iliyochapishwa kwenye filta ya zamani, au itafute kwa namba ya injini. Ila kama gari lilikufikia mkononi likiwa tayari limetumika, usiiamini sana hiyo ya zamani, huenda aliyekuwa nalo kabla yako alikosea kama mimi. Na uhakikishe muuzaji hakupi filta ya AC, ile inayokaa nyuma ya dashibodi kwa ajili ya pua zenu. Zinachanganywa mara nyingi kuliko unavyodhani.

Turudi kwenye tatu zako.

Ya kampuni ya gari ni salama, ila unalipia na nembo. Kampuni za magari kwa kawaida hazitengenezi filta zenyewe, zinatengenezewa, na baadhi ya hao watengenezaji wanauza pia kwa majina yao, mfano Mann na Mahle. Ukiipata ya mtengenezaji wa namna hiyo, isiyo feki, hujapungukiwa na kitu. Kwenye boksi unaweza kuona ISO 5011. Hicho ni kipimo cha maabara cha filta za hewa, kinaangalia inachuja kiasi gani, inabeba vumbi kiasi gani kabla ya kujaa, na inazuia hewa kiasi gani. Ukiona "asilimia 99" bila kuambiwa ilipimwa kwa vumbi gani, punguza furaha. Kuna vumbi la majaribio laini na kuna la chembe kubwa, na kushika lile kubwa si kazi.

Ile pacha ya bei rahisi, umeshanisikia. Sisemi zote ni mbovu, zipo zinazopita mtihani wa mpira na kona bila shida. Ila isiyopita usiichukue hata ya bure.

Ya pamba hapa tutabishana na baadhi ya wakuu, najua. Inashika vumbi kwa msaada wa oili yake maalumu iliyopakwa kwenye pamba. Oili ikiwa pungufu, vumbi linapita. Ikizidi, inavutwa hadi kwenye ile sensa ya hewa niliyokwisha kukusimulia, na unarudi kwenye kwikwi. Baada ya kufua lazima ikauke yenyewe taratibu, ndipo upake oili, usubiri isambae, urudishe, huku gari limesimama. Na kwa vumbi laini kabisa, karatasi nzuri kwa kawaida inaishinda. Kwa gari la mashindano linalofunguliwa kila wiki, sawa. Kwa gari la kazini sioni unachopata. Sauti ya injini inabadilika kidogo unapokanyaga, hilo ni kweli, na wengi wanaisikia wanadhani ni nguvu.

Kuna kitu hukukiuliza ila nitakisema, kwa sababu kinaharibu filta nyingi kuliko ufeki: kupiga upepo. Unapeleka gari kwa sevisi, kijana anachomoa filta, anaifungulia kompresa, vumbi linatimka, inarudi nyeupe na kila mtu ameridhika. Upepo ule wa nguvu unapanua na kuchana nyuzi za karatasi, na vitundu vyake huvioni kwa macho. Tena, rangi nyeusi si kipimo. Filta ikishika vumbi kiasi inachuja vizuri zaidi kuliko ilivyokuwa mpya, kwa sababu lile vumbi lenyewe linasaidia kuzuia jingine, mpaka ifike mahali inaanza kuizuia hewa. Na baadhi ya magari, Nissan kadhaa zikiwemo, yanatumia karatasi iliyolowekwa oili tangu kiwandani. Hiyo inakuwa nyeusi mapema, na haipigwi upepo wala haifuliwi. Ikifika muda wake unatupa.

Muda wake upo kwenye kitabu cha gari. Vingi vinasema kati ya kilomita 20,000 na 40,000, na kwa barabara za vumbi nusu ya hapo au hata chini yake. Usifungue kila Jumamosi kuichungulia. Kila ukifungua, uchafu wa juu ya mfuniko unapata nafasi ya kudondokea upande safi. Siku ya kubadilisha, futa mfuniko kwa nje kwanza kwa kitambaa kibichi, inyanyue filta ya zamani ikiwa imelala usiikung'ute mle mle, toa majani na wadudu chini ya boksi, na angalia kitundu cha kutolea maji kule chini hakijaziba. Filta ikilowa karatasi inavimba, na hiyo haina matengenezo.

Mwenye dizeli ya tabo (ile feni inayoisukumia injini hewa zaidi) akisoma hapa, kwake mpira una uzito zaidi. Vile vipanga vya tabo vinaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na vumbi linavila ncha.

Kwa hiyo mimi ningechukua ya kampuni, au ya mtengenezaji wa filta anayejulikana kama inapungua bei, halafu ningepaka grisi ukingoni. Lakini kabla hujanunua yoyote, legeza bomba baada ya filta, pitisha kitambaa cheupe ndani, upige picha. Iweke hapa hapa. Kikitoka safi, wewe ni wa kubadilisha filta tu. Kikitoka na rangi ya udongo kama kile cha kwangu, tuanze na sensa.