Milioni moja na laki nane: bodi kwanza au lenzi kwanza?

Mkuu, umeeleza kwamba una shilingi milioni moja na laki nane, kwamba umeanza kupata kazi za send-off na kitchen party hapo Morogoro, na kwamba unasita kati ya DSLR (kamera yenye kioo ndani na lenzi za kubadilisha) mpya ya boksini yenye megapikseli 24 na bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, ya zamani kidogo iliyokwishatumika. Mimi niko Tanga, huu ni mwaka wangu wa tisa katika kazi hii, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu kosa unalolielekea nililifanya mwenyewe, tena kwa mkopo wa kikoba.

Nilinunua boksi jipya lenye bodi ya bei ya chini kabisa, lenzi mbili, begi na kadi, nikajiona nimekamilika. Kazi yangu ya kwanza ya usiku ilikuwa send-off katika ukumbi uliowashwa taa za zambarau. Lenzi ya 18-55 inayokuja na boksi, ukiivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa hiyo ili shata, yaani pazia la kamera, iwe ya kasi ya kutosha picha zisitikisike, nilipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400, na uso wa binti ukatoka na chenga kama televisheni iliyokosa antena. Mama yake aliipitia albamu ukurasa kwa ukurasa, akaifunga, kisha akaniuliza kwa upole kama hizo zilikuwa picha za kujaribia.

Kilichoniokoa hakikuwa bodi nyingine. Nilinunua lenzi ya Canon ya 50mm f/1.8 STM, iliyotoka mwaka 2015 na ambayo ni miongoni mwa lenzi za bei nafuu kuliko zote za kampuni hiyo, nikaifunga kwenye bodi ile ile niliyokuwa nimeanza kuilaani. Tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara 10 ya lile la f/5.6, maana yake ni kwamba mahali nilipolazimika kutumia ISO 6400 sasa ninatumia 640 kwa kasi ile ile ya shata. Hakuna nyongeza ya megapikseli inayoweza kukupa tofauti ya namna hiyo usiku ukumbini.

Lenzi hiyo ina masharti yake, na ni vizuri uyajue kabla hujalipa. Bodi nyingi tunazozimudu zina sensa (kile kipande kinachopokea picha) ndogo, ambayo kwa Canon huzidisha urefu wa lenzi kwa 1.6 na kwa Nikon kwa 1.5, kwa hiyo kwenye Canon 50mm inaona finyu kama 80mm: inapendeza sana kwa uso wa mtu mmoja, lakini kitchen party ikifanyika sebuleni utarudi nyuma mpaka ukalie kochi la wageni na bado shangazi wawili watakuwa nje ya picha. Kwa sebule ninatumia 24mm f/2.8 ya EF-S (lenzi za Canon za sensa ndogo), ambayo ni nyembamba hata huingia mfuko wa shati; mwenye Nikon atafute 35mm f/1.8 ya DX, yaani ya sensa ndogo ya Nikon, ingawa yenyewe si pana kama hiyo. Jambo lingine ni kwamba katika f/1.8 sehemu iliyo kali ni nyembamba mno, na bibi na bwana wakisimama mmoja mbele kidogo ya mwenzake, mmoja wao atafifia. Wakiwa wawili mimi hufunga hadi f/2.8, wakiwa familia nzima f/4 au zaidi.

Kuhusu bodi, sitaki kuingia katika ugomvi wa Canon na Nikon, kwa kuwa zote zinafanya kazi. Nitasema tu kwamba bodi za Nikon za daraja la D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, hivyo lenzi za zamani za AF-D, ambazo hutegemea mota ya bodi na ndizo za bei nafuu, utazizungusha kwa mkono. D7000 na ndugu zake wanayo. Kwa upande wa Canon, mimi ningechukua 70D ya mwaka 2013 iliyotumika kuliko bodi mpya ya daraja la chini. Ina megapikseli 20.2, yaani nukta 5472 kwa 3648, zinazotosha kuchapa A3 kwa nukta 300 kwa inchi, na sidhani kama mteja wako ataagiza kubwa zaidi ya hapo. Wangu wengi huishia kuziomba kwa WhatsApp.

Ni kweli pia kwamba Canon na Nikon wamehamia kwenye kamera zisizo na kioo tangu 2018. Kwangu hiyo ni sababu ya kununua DSLR, kwa sababu wenye fedha wanauza za zamani, na lenzi za EF, yaani za DSLR za Canon, utakazonunua leo zitafungwa kwenye bodi za EOS R, ambazo ni za Canon zisizo na kioo, kwa adapta siku utakapohama.

Ukienda kuiangalia kamera iliyotumika, nenda mchana na ubebe tochi na kadi yako. 70D imekadiriwa kufikisha mibofyo 100,000 ya shata. Kwa Nikon idadi husomeka ndani ya faili la picha, ila kwa Canon za aina hiyo utahitaji programu na kebo, kwa hiyo beba kompyuta. Piga picha ya anga kwa f/16 uone madoa ya vumbi kwenye sensa. Kisha mulika tochi ndani ya lenzi kutokea nyuma, ukiigeuzageuza: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui, hiyo ni fangasi, iache hata ukishushiwa bei. Mimi niliwahi kuinunua ya namna hiyo kwa mtu mmoja, na kwa unyevu wetu wa pwani ilienea kioo kizima kabla ya masika kwisha. Siku hizi ninafungia lenzi zangu kwenye ndoo ya plastiki pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi za viatu.

Kwa bajeti yako, ningetenga laki tisa kwa bodi na nisivuke hapo, kisha 50mm, kisha 24mm, na kinachobaki kiende kwenye betri ya pili na flashi isiyo ya kampuni kubwa. Ukimpata muuzaji, andika hapa aina ya bodi na idadi ya mibofyo kabla hujatoa hata kishika uchumba.