Kabla ya kulipia darasa la yoga, sikiliza unaulizwa nini

Wifi yangu wa Likoni alinipigia simu wiki jana. Mgongo umemkaza kama ubao, na daktari amemwambia atafute mazoezi ya kunyoosha mwili. Akafungua simu akaona matangazo ya yoga ya hapa Mombasa, ya Nyali, ya Kizingo, ya Bamburi, mengine ufukweni kabisa, na picha zote zafanana: binti mwembamba, mguu mmoja nyuma ya shingo, jua lachomoza baharini. "Wifi, niende wapi?" Nikamwambia nitamwandikia. Na kwa vile wateja wangu nao huniuliza swali hili hili, nimeona niandike hapa wasome wote.

Mimi ni fundi wa kushona. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekaa kwenye cherehani, shingo chini, bega la kulia mbele, mguu kwenye pedeli. Nilianza yoga nikiwa na miaka 46, na mara ya kwanza nilichagua studio kwa macho. Ukumbi ulikuwa mzuri kweli: sakafu ya mbao, kioo ukuta mzima, kiyoyozi, harufu ya mchaichai. Nikalipa mwezi mzima papo hapo kwa M-Pesa, hata mkeka sijaukanyaga. Tulikuwa watu kama 25. Mwalimu hakuniuliza jina, hakuniuliza hali. Tulipoketi tukanyoosha miguu na kuinamia vidole, alinijia kwa nyuma, akaniwekea viganja vyote viwili mgongoni, akanisukuma huku akisema pumua, pumua. Nikahisi kitu kimekatika chini ya kiuno, upande wa kushoto, kama uzi unapokatika ndani ya mshono. Wiki tatu sikuweza kukaa kwenye cherehani. Nguo za harusi za watu zikalala, na pesa za mwezi hazikurudi.

Karibu mwaka mzima sikutaka kulisikia neno yoga. Aliyenirudisha ni mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, aliyekuwa akienda kwa mwalimu mmoja kule Tudor. Darasa lenyewe chumba cha juu katika nyumba ya kawaida, feni mbili, sakafu ya vigae, wanafunzi saba. Mwalimu aliniketisha kitini kwanza. Unafanya kazi gani? Unakaaje ukifanya kazi, hebu nionyeshe. Umewahi kupasuliwa? Una presha? Sukari? Macho yako salama? Magoti je? Umekula saa ngapi? Nikamweleza yaliyonipata kule kwingine. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba doti ya leso niliyokuja nayo, akazikunja mpaka zikawa na unene wa vidole vinne, akaniambia niketi juu yake. "Sasa kunja magoti kidogo. Vidole vya miguu visahau. Inamia kutoka kwenye nyonga, kiuno kiache."

Nyonga yangu ikaelekea mbele yenyewe, na maumivu sikuyasikia.

Baadaye alinieleza kwa nini. Mtu aliyekaa kitini miaka mingi, misuli ya nyuma ya mapaja hukaza na kufupika, ikauvuta mfupa wa nyonga kurudi nyuma. Akiketi sakafuni na kuinama, nyonga haiendi popote, kwa hiyo kinachopinda ni kiuno peke yake. Yule aliyenisukuma alikuwa anaongeza uzito wake mahali palipokwisha kubeba kila kitu. Mtu wa namna yangu akiinuliwa makalio kidogo, nyonga hupata nafasi. Jambo dogo sana, na halihitaji sakafu ya mbao wala kioo.

Ndiyo maana kwa wifi sikutaja studio. Nilimwambia: piga simu, nenda nusu saa kabla, na uangalie kama mwalimu anataka kukujua kabla hajakuinamisha. Maswali yale si ya adabu tu. Mwenye presha isiyotulia hafai kuwekwa kichwa chini miguu juu. Mwenye glakoma, ule ugonjwa wa macho, vilevile, kwa sababu kichwa kikiwa chini presha ndani ya jicho hupanda. Mja mzito hasokotwi tumbo wala halazwi kifudifudi. Aliyeambiwa mifupa yake imekuwa myepesi asiinamishwe kwa nguvu mgongo ukiwa umeviringika, pingili zinaweza kupasuka. Mwenye dawa za sukari aseme mapema, maana ushauri wa kuja na tumbo tupu kwake unaweza kumwangusha. Asipokuuliza, mwambie wewe. Ukimwambia naye akapunga mkono, "usijali, utazoea," chukua viatu vyako, dada yangu, uende zako.

Na mkono wake juu ya mwili wako ni jambo la kuombwa. Wako walimu wanaosaidia kwa kugusa, nao husaidia kweli, lakini huuliza kwanza, tena kila mara. Una haki ya kusema usiniguse hata kama wenzako wote wanaguswa.

Kwenye ratiba utakutana na majina mengi. Hatha, kwa jinsi studio nyingi zinavyolitumia, ni darasa la polepole, mkao mmoja kisha mwingine. Vinyasa inatiririka, pumzi na mwendo pamoja, na anayeanza huachwa nyuma upesi. Ashtanga ina mpangilio mmoja usiobadilika, nayo ni kazi ya nguvu. Yin unakaa katika mkao mmoja dakika tatu hadi tano. Huonekana rahisi mpaka uijaribu. Mimi ningemshauri mwenye mwili uliokaza atafute Iyengar, au mwalimu yeyote anayetumia mikanda, vibao, mito na mablanketi. B.K.S. Iyengar, aliyezaliwa India mwaka 1918, alikua mgonjwa mgonjwa, malaria, homa ya matumbo, kifua kikuu, na nadhani ndiyo maana njia yake inamwonea huruma mtu asiyefika. Mkono haufiki mguuni? Zungusha mkanda kwenye wayo, ushike mkanda. Kitu cha kuvutia ni kwamba yeye na Pattabhi Jois, aliyeieneza Ashtanga, walifunzwa na mwalimu mmoja, Krishnamacharya. Mwalimu mmoja, na tazama njia zilivyoachana! Kwa hiyo jina la mtindo likupe fununu tu, kisha mtazame anayefundisha.

Yoga ya joto, ile ya mikao 26 kwa dakika 90 ndani ya chumba cha nyuzi joto kama 40, anayeanza hapa Mombasa aiache. Mwili hupoa jasho linapokauka juu ya ngozi. Sisi wakati wa kaskazi, Februari na Machi, jasho halikauki hata umekaa barazani, hewa imekwisha kulowa. Ukijifungia tena ndani ya joto hilo, ni moyo wako unaoutesa.

Ufukweni nako kuna mambo yake. Napapenda, sitasema uongo, lakini mchanga mkavu unadidimia, viganja vinazama na kifundo cha mkono kinapinda kupita kiasi. Mchanga mzuri ni ule mbichi ulioshikana maji yanapokupwa. Ufuo una mteremko, kwa hiyo ukilala kichwa kielekee nchi kavu. Halafu muulize mwalimu kama anafuata maji. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au unapoandama, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na ufuo wa Bamburi ulioukuta mpana alfajiri unaweza kwisha kabla hamjafika mkao wa kupumzika. Mwalimu anayepanga darasa kila Jumamosi saa ile ile bila kujua bamvua na maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, huyo hajaizoea pwani.

Sasa lile ambalo wengi huniuliza kwa sauti ya chini. "Mwanangu, hiyo si ibada ya watu?" Mama yangu aliniuliza hivyo aliponiona nakunja mkeka, na swali lake ni la haki. Yoga imezaliwa India, imefungamana na dini na falsafa za huko, na Sutra za Patanjali, maandishi ya kale ya yoga, zinazungumzia utulivu wa nafsi kuliko kunyoosha miguu. Anayekuambia haina uhusiano wowote na dini hakutendei haki wewe, wala hawatendei haki wenye yoga yao. Hata wanazuoni wetu hawakuwa na kauli moja. Malaysia, baraza la fatwa lilitoa fatwa dhidi yake mwaka 2008 kwa kuwa inachanganya mazoezi na ibada na mantra, yaani maneno matakatifu yanayorudiwarudiwa. Indonesia, Januari 2009, baraza la maulamaa lilikataza ile yenye mantra na ibada za Kihindu, likaruhusu iliyo mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia mwaka 2017 ikaitambua kama shughuli ya michezo. Mimi nilimuuliza mwalimu waziwazi kuhusu Om, mojawapo ya mantra hizo: "Mwalimu, mnaimba Om?" Akasema, "Mwisho wa darasa, mara moja. Asiyetaka hutangulia kutoka, na hakuna atakayemtazama." Jibu la wazi namna hiyo liliniridhisha. Mama alikwenda kumuuliza ustadhi wake, nikamwacha aulize kwa nafasi yake. Rafiki zangu Wakristo nao wana swali lile lile, na naona njia ni hiyo hiyo: uliza kabla, kisha uamue na dhamiri yako.

Ukiambiwa darasa ni la wanawake watupu, ulizia zaidi. Nani anafungua mlango mkishaanza? Dirisha linaelekea wapi? Na simu: wanapiga picha za kutangazia? Dada mmoja tunayesali naye alijiona kwenye tangazo akiwa kichwa chini, mtandio umemtoka, hakuna aliyemwomba ruhusa. Alilia. Sema mapema hutaki picha, na mwalimu awaambie wote mbele yako.

Nguo nitazieleza kifundi. Suruali pana ya pamba yenye lastiki kiunoni inatosha, isipokuwa shati refu likiachwa huru hukufunika uso ukiinama na tumbo likabaki wazi. Tia lastiki kwenye pindo la shati, ikae chini ya nyonga, hutahangaika. Mtandio uwe wa kitambaa kinachonyumbuka, uuvute kichwani bila pini, kwa sababu utalalia kisogo na pini itakuchoma.

Mahali pawe karibu, na saa iwe unayoiweza. Ukiishi Likoni na darasa liko Nyali, ni feri, matatu, kisha foleni ya daraja la Nyali, unafika umechoka kuliko ulivyotoka, na baada ya wiki mbili utaacha. Mwalimu wa wastani aliye mtaani kwako nampa alama kuliko bingwa wa ng'ambo. Darasa la saa 11:30 jioni huisha magharibi ikiwa imeshaadhiniwa au inaadhiniwa. Asubuhi saa 12:30 kuna hewa, na tumbo lina nafasi. Chakula kizito kiwe kimeliwa kama saa tatu kabla ya darasa.

Kuhusu malipo sina mengi: lipa darasa moja moja mpaka la tatu, usishawishiwe na punguzo la mwezi. Cheti nacho kiulizie bila haya. Mafunzo ya mwanzo ya ualimu yanayotambulika zaidi ni ya saa 200, na hizo ni chache kwa mtu atakayeshika migongo ya watu, kwa hiyo uliza pia amefundisha miaka mingapi na kama ana wanafunzi wa umri wako. Tarehe 21 Juni, siku ambayo Umoja wa Mataifa uliitenga mwaka 2014 kuwa ya yoga duniani, mara nyingi huwa na mazoezi ya wazi. Nenda ukawatazame walimu wanavyoshika watu. Kujifunzia pale kwenye umati, hapana.

Kisha kesho yake asubuhi jipime kabla hujashuka kitandani. Mapaja na mabega yakiuma kwa uzito, maumivu ya kuenea, hiyo ni misuli iliyofanya kazi, itatulia kwa siku mbili. Kikikuchoma kitu ndani ya goti, au kiunoni mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa kidole, au mguu ukafa ganzi, usirudi darasani. Rudi kwa daktari.

Wifi ameelewa. Jumamosi hii tunakwenda wote Tudor, anavuka na feri ya alfajiri na mimi nitamngoja upande huu. Nimemwambia mahamri atayala tukirudi, aje na doti ya leso na ile karatasi ya daktari. Mkanda wake namshonea usiku huu: turubai laini, upana wa vidole viwili, pete mbili za chuma za mkoba mwisho wake. Wangu una mita 2, wake nauongeza kidogo, maana miguu yake ni mirefu kuliko yangu.