Vifaranga wa sato kuota pamba nyeupe

Pole sana, ndugu, kwa vifaranga wako wa samaki aina ya sato walioota pamba nyeupe na kuanza kufa. Pamba nyeupe inayoota kwa vifaranga siku 3 baada ya kuwapandikiza (kuwatia bwawani) ni dalili ya ukungu. Hushika pale magamba yalipobanduka wavuni au safarini. Waliokufa waopoe leo hii, uwafukie mbali na bwawa.

Ukileta wengine, acha mfuko uelee bwawani dakika 15 hadi 20 kabla ya kuufungua. Kisha waogeshe kwenye beseni: gramu 10 za chumvi kwa lita 1 ya maji, dakika 10, ukiwatazama muda wote. Akilala ubavu, mtoe papo hapo. Chakula nacho punguza. Kinachobaki huoza na kulisha ukungu.

Wakihema juu ya maji alfajiri, hapo hewa imepungua: ongeza maji mapya. Vifo vikiendelea, mwite afisa uvuvi kabla hujanunua dawa yoyote.