Jibu kwa aliyeuliza: Carrefour na Walmart waliondoka Japani, mimi wa magunia ya kahawa nitaweza?

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema kama Carrefour wa Ufaransa na Walmart wa Marekani, wenye maduka makubwa duniani, watu wenye fedha za kununua Kariakoo nzima na chenji ikabaki, walifungasha virago Japani, wewe na kahawa yako ya kukaanga unakwenda kufuata nini? Halafu jamaa wa kwanza kukujibu akaandika kwamba Wajapani wanabagua vitu vya nje, kila mtu akakubali, uzi ukapoa. Naomba niufufue.

Nilisoma Chiba, jirani na Tokyo, kuanzia 2001 mpaka 2005. Mchana chuoni, usiku nipo kaunta ya konbini, yale maduka madogo yasiyofungwa saa 24. Viza ya mwanafunzi ilikuwa inaruhusu saa 28 za kazi kwa wiki, na zangu zote ziliishia pale. Kwa hiyo haya ninayosema mengine niliyaona kwa macho, mengine niliyasoma baadaye nikitafuta maana ya niliyoyaona.

Hilo la ubaguzi liondoe kichwani. Konbini yenyewe, ambayo leo ukimwambia Mjapani ni ya kigeni atakucheka, mbegu yake ilitoka Marekani. 7-Eleven ilianzia Dallas mwaka 1927, kampuni ya kuuza barafu iliyoitwa Southland. Waliopeleka jina hilo Japani ni Ito-Yokado, wenye supamaketi kubwa, na walikuwa wamebanwa. Wenye maduka ya mitaani walikuwa wakilalamika kwamba supamaketi zinawamaliza, na serikali ikapitisha sheria ya maduka makubwa mwaka 1973. Ukitaka kujenga duka kubwa unakwenda kwanza kuzungumza na walewale utakaowanyang'anya wateja. Mazungumzo hayo yaliweza kula miaka. Basi mkubwa mmoja ndani ya kampuni, Toshifumi Suzuki, akawa na wazo la kuligeuza tatizo: kama kubwa halijengeki, tufungue madogo, tena tuwachukue haohao wenye maduka ya mitaani wawe wenye maduka yetu. La kwanza likafunguliwa Mei 1974 huko Toyosu, Tokyo, na mwenye duka hilo alikuwa muuza pombe wa mtaani.

Miongozo ya Wamarekani ilitafsiriwa yote. Ikaonekana ni mambo ya namna ya kutumia mashine ya fedha na kufagia duka. Yaani walinunua jina, kazi wakabaki nayo wenyewe.

Na kazi ilikuwa kwenye magari. Duka moja la mwanzo lilikuwa linapokea magari kama 70 kwa siku, kila kiwanda na kila muuza jumla analeta chake, na kwa katoni nzima wakati duka halina stoo. Wakaanza kufungua maduka karibukaribu katika eneo moja ili gari moja lihudumie mengi. Wakawaomba wauza jumla wavunje katoni. Viwanda vya maziwa vilivyokuwa mahasimu vikakubali kupakia gari moja. Ilichukua miaka mingi ya kubembelezana, na hakuna tangazo la televisheni linaloonyesha mambo hayo, ndiyo maana watu wakisimulia habari za Japani wanakimbilia jina la chokoleti ya Kit Kat kufanana na "kitto katsu", yaani hakika utashinda, na kuku wa KFC anayeliwa Krismasi. Hadithi tamu, na za kweli. Lakini wewe hazitakusaidia, huna fedha za matangazo.

Nikueleze nilichojifunza mwenyewe (duka lilikuwa la kampuni nyingine, jina niliache). Baada ya miezi sita bosi alinipa kile kifaa cha kuagizia mzigo. Mimi, mtoto wa Temeke, mwanafunzi wa kulipwa kwa saa, ndiye niagize matonge ya wali ya kesho! Yale matonge, onigiri, yanaletwa mara tatu kwa siku na muda wake ukipita mashine inakataa kuyauza. Jumamosi moja nikajua shule ya karibu ina siku ya michezo, nikaagiza mengi kuliko kawaida. Usiku mvua ikanyesha, michezo ikaahirishwa, asubuhi nikabaki nayatazama yamejipanga kama askari. Nilisubiri kufokewa. Bosi akauliza kitu kimoja tu: "Ulidhani nini ulipoagiza?" Nikamwambia shule. "Na mvua?" Sikuwa nimetazama utabiri. Akaniambia niandike, na wiki ijayo nidhani tena.

Wao wanauita utaratibu huo tanpin kanri, kusimamia kila bidhaa kivyake. Unakisia, unaagiza, unatazama kilichouzwa, unakisia upya, na anayekisia ni wa kaunta, si mkubwa wa makao makuu. Mashine za kurekodi kila kilichouzwa zipo (7-Eleven ya Japani iliziweka kuanzia 1982), ila kazi yake ni kukuambia kama ulikosea. Mwaka 1990 Southland ya Marekani iliomba ulinzi wa mahakama kwa madeni, na mwaka 1991 Wajapani waliokuwa wanalipia jina wakanunua asilimia 70 ya kampuni mama. Mwanafunzi akamnunua mwalimu.

Sasa turudi kwa wakubwa wako.

Nilipanga chumba cha juu kwa bibi mmoja, mjane. Friji yake ilinifika kiunoni. Kila siku mchana anachukua baiskeli, anakwenda kununua samaki, tofu, figili nusu. Nusu, si nzima. Asubuhi vipeperushi vya maduka vinakuja ndani ya gazeti, yeye na kalamu nyekundu anazungushia: mayai rahisi duka hili, leo tu, mchicha duka lile. Ile ilikuwa raha yake na hesabu yake kwa pamoja. Mtu kama huyo unamuuziaje sabuni ya lita tano?

Carrefour walifungua Makuhari, hukohuko Chiba, Desemba 2000. Walitaka kununua moja kwa moja viwandani wawaruke wauza jumla, kama walivyozoea kwao. Viwanda vingi vikasita, kwa sababu muuza jumla wa Japani hakuwa dalali wa kupita. Ndiye anayekopesha, anayepokea marejesho, anayegawa mzigo mdogomdogo. Na wateja waliofuata jina la Kifaransa walitarajia jibini, mvinyo na mikate ya Ufaransa, wakakuta kwa sehemu kubwa vitu vinavyopatikana mtaani kwao. Machi 2005 maduka yote 8 yakauzwa kwa Aeon, kampuni ya maduka ya Kijapani. Mimi nilikuwa nafunga mabegi mwezi huohuo.

Walmart waliingia kwa upole zaidi. Mwaka 2002 walinunua asilimia 6.1 ya Seiyu, supamaketi iliyokuwapo tayari, wakaongeza kidogokidogo mpaka 2008 wakaichukua yote. Sera yao ni bei ya chini kila siku, isiyopanda wala kushuka, na vipeperushi wakavipunguza. Unamkumbuka bibi na kalamu yake? Umemnyang'anya mchezo wake, halafu rafu nzima ina bei ya chini, na Wajapani wana msemo "yasukarō, warukarō": kama ni rahisi, basi ni kibovu. Sisi tunasema rahisi ni ghali. Vipeperushi ikabidi virudi. Mwaka 2020 wakatangaza kuuza asilimia 65 kwa KKR, wawekezaji wa Marekani, na 20 kwa Rakuten, wauzaji wa mtandaoni wa Japani, wakabaki na 15. Ila usikimbilie kusema Mjapani hapendi bei ndogo, maana mwaka 2025 Seiyu yote ilinunuliwa na Trial wa Fukuoka, ambao biashara yao ni bei ndogo. Kwa hiyo bei peke yake haikuwa kosa. Nadhani kosa lilikuwa kufika na jibu kabla ya kumsikiliza anayeuliza.

Ninaowaheshimu mimi ni IKEA, wauza samani wa Sweden. Waliingia 1974, wakashindwa, wakatoka 1986. Wakakaa miaka 20 nje. Waliporudi Aprili 2006, Funabashi, palepale palipokuwa na kilima cha kuteleza kwenye theluji ndani ya jengo, walikuwa wamekwenda kutazama watu wanavyoishi: chumba kinachohesabiwa kwa mikeka ya tatami, kisicho na pa kuweka kabati la Ulaya. Wakakubali pia kukuletea mzigo nyumbani na kukuunganishia samani, ingawa ujanja wao duniani kote ni mteja ajibebee na aziunganishe mwenyewe.

Nisikudanganye kwamba kila aliyefaulu alijinyenyekeza. Toys "R" Us, wauza vitu vya kuchezea watoto wa Marekani, waliingia na serikali yao nyuma yao. Marekani iliibana Japani mezani 1989 na 1990 hadi ile sheria ya maduka makubwa ikalegezwa. Duka la kwanza likafunguliwa Desemba 1991, na la pili, Kashihara, Januari 1992, alikwenda Rais George Bush mwenyewe, yule baba. Hata hivyo walikuwa na mwenyeji wa kuwashika mkono, Den Fujita, aliyeleta McDonald's Ginza mwaka 1971. Maduka yao ya Marekani yalipokufa 2018, ya Japani yakaendelea. Wewe Rais wa kukufungulia mlango huna, kwa hiyo mtafute mwenyeji.

Kuhusu kahawa yenyewe, una bahati ambayo Carrefour hawakuwa nayo: jina lako limetangulia. Kule "Kirimanjaro" iko mpaka kwenye makopo. Lakini jina hilo lina kanuni. Kwa kanuni za chama chao cha kahawa, Kilimanjaro ni arabika iliyolimwa Tanzania, na mchanganyiko ukitaka kuandikwa hivyo sharti uwe na angalau asilimia 30 ya kahawa hiyo. Maana yake wakaangaji wao wanahitaji buni mbichi. Ya kukaanga utashindana na mtu aliyekaanga juzi, yako imepita baharini. Mimi ningeanza na mbichi.

Pili, magunia. Tangu 2006, Japani, dawa ya kuulia wadudu isiyopangiwa kiwango chake, masalia yake kwenye chakula yasizidi 0.01 ppm, yaani sehemu 0.01 kwa milioni. Mwaka 2008 kahawa ya Ethiopia ilikwama kwa masalia ya dawa, na kilichoshukiwa ni magunia, si mashamba. Kwa hiyo magunia mapya, na uyajue yametoka wapi.

Ila kuna kitu hujasema: shamba liko wapi? Kama ni Moshi, Mbinga au Mbozi, tuendelee kuzungumza. Kama ni Bukoba, arabika ya huko haimo kwenye kanuni ile, hata kama nayo ni ya Tanzania, na hapo itabidi utafute jina jingine la kuandika kwenye gunia.