Mlinzi wa Upande wa Kulia

Swali: Ndugu Mhariri, kwa nini Roberto Clemente anasifiwa sana katika besiboli, ilhali wapo wengi waliompita kwa kupiga mipira nje ya uwanja?

Jibu: Clemente, mzaliwa wa Puerto Rico aliyeichezea timu ya Marekani ya Pittsburgh Pirates kuanzia 1955 hadi 1972, alilinda eneo la nje upande wa kulia, ambako mrusho wa kwenda kituo cha tatu, kimojawapo cha vituo ambavyo wakimbiaji hupitia ili kupata alama, ni mrefu, na mkono wake wenye nguvu uliwafanya wakimbiaji wasite kusonga mbele. Alitunukiwa Glavu ya Dhahabu, tuzo ya walinzi bora wa uwanja, mara 12. Alifikisha mipigo halali (inayomfikisha mpigaji kituoni salama) 3,000 katika msimu wake wa mwisho, kabla ya kufariki tarehe 31 Desemba 1972 katika ajali ya ndege iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la Nicaragua. Mwaka 1973 aliingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli bila kusubiri miaka mitano ya kawaida baada ya mchezaji kuacha kucheza, uamuzi ambao kwa maoni yangu ulikuwa wa haki kabisa.