Fowili ya Siku ya Shida: Majibu kwa Wasomaji wa Kusini

Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika wilayani Kilwa na magari yakalala njiani. Tangu hapo swali la gari la kuvuta matairi yote manne, fowili kwa lugha ya gereji, haliishi mezani petu. Leo tumechukua barua sita.

Shikamooni mafundi. Hela ya korosho imeingia, na wenzangu wawili tumekubaliana kuchanga tununue fowili moja. Kazi yake kubwa ni kumpeleka mgonjwa au mama mjamzito hospitali usiku wa mvua. Mmoja anasema RAV4 kwa kuwa ni nafuu, mwingine Prado, mwingine mkonga, yaani Land Cruiser yenye bomba la hewa lililopandishwa juu. Tushike lipi? (A.M., Newala)

Marahaba, ndugu. RAV4 iwekeni kando, ingawa si gari baya. RAV4 na X-Trail zinavuta kwa matairi yote lakini hazina gia nzito, ile iliyoandikwa L4 au 4L. Gia hiyo hupunguza mwendo na kuongeza nguvu karibu mara mbili au zaidi. Ndiyo inayolitoa gari lililojaa watu kwenye tope bila kuunguza klachi, na ndiyo inayolishusha mteremko wa Newala wenye utelezi bila wewe kung'ang'ania breki. Kwenye gari lisilo nayo, nguvu ya nyuma mara nyingi hupita kwenye kiunganishi ambacho kikihangaishwa topeni dakika chache hupata moto na kuachia. Hapo mnabaki na matairi mawili ya mbele yanayojichimbia shimo.

Kwa kazi mliyoitaja, sisi tungenunua Toyota Hilux dabo kabini yenye injini iitwayo 3L (hilo ni jina, ujazo wake ni lita 2.8), au 5L ya kawaida, ya lita 3.0. Hazina tabo wala kompyuta. Dizeli inasukumwa na pampu ya chuma, na fundi wa Masasi anaweza kuifungua chini ya mwembe akaifunga siku hiyohiyo. Spea zake, mpya na za mtumba, hazisumbui kupatikana. Udhaifu wake mnapaswa kuujua: nguvu ni ndogo, mlimani inapanda kwa subira, na ukiipakia kupita kiasi inachemsha. Hakikisheni pia kuwa ni fowili kweli, kwa sababu zipo Hilux zilizonyanyuka juu lakini zinavuta nyuma tu. Tafuteni kirungu cha pili cha gia pembeni ya kile kikubwa.

Land Cruiser mkonga yenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ni imara kuliko zote tulizozitaja, na bei yake inalijua hilo. Zinazouzwa kwa mnada na taasisi huwa nafuu kidogo, ila nyingi zimeshatumikishwa sana barabara za vumbi, kwa hiyo fedha mnayookoa kwenye bei mtaitoa gereji. Prado ya 1KZ ina nguvu na inakalika, lakini silinda hedi yake, kile kichwa cha juu cha injini, haisamehe: ikichemsha mara moja tu kwa uzembe, inaweza kupasuka. Hatuwezi kuwapendekezea gari la watu watatu, lenye madereva watatu, ambalo kosa la mmoja linaua injini.

Fedha ikipungua, shukeni kwenye Suzuki Escudo ya lita 2.0. Inatumia petroli na cheni ya taimingi badala ya belti, na ukilaza viti vya nyuma mgonjwa anapata pa kujinyoosha. Angalieni tu kwamba swichi yake ina 4L. Jimny inapita mahali pengi kuliko gari lolote la bei yake, lakini haina nafasi ya mtu aliyelala.

Msimalize fedha yote kwenye kununua. Sehemu moja kati ya tano ibaki kwa matairi matano, oili zote, beringi za magurudumu, mipira ya rejeta na belti ya taimingi. Kwenye 3L belti hiyo hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kama muuzaji hana uthibitisho, ibadilisheni siku ya kwanza. Ikikatika, vavu zinagonga pistoni na injini inaishia hapo. Jingine si la ufundi, lakini tumeona limevunja ushirika mwingi: kabla ya gari kufika, andikeni nani anashika ufunguo na nani anajaza mafuta.

Ndugu zangu, dalali amenionyesha Hilux hapa Mtwara mjini. Nje inang'aa. Niangalie nini kabla sijatoa hela? (Mama H., Shangani)

Mama, mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya injini. Ukikuta ya moto, rudi kesho asubuhi, maana injini iliyopashwa huficha kuwaka kwa shida na moshi wa mwanzo.

Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Maji ya kutu au yenye utando wa oili ni dalili mbaya. Liwashe mfuniko ukiwa wazi, litulie dakika tatu hadi tano, bila kuinamisha uso pale juu. Mapovu yasiyokatika yanamaanisha gasketi imeungua au hedi imepasuka. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usioisha, wenye harufu ya dizeli mbichi, unatokana na nozeli (vinyunyizi vya dizeli) mbovu au mgandamizo uliochoka.

Halafu lala chini na nyundo ndogo. Hapa pwani chumvi inakula chesisi, na pikapu iliyobeba samaki inaliwa zaidi, kwa sababu maji ya barafu na chumvi huvuja kwenye maungio ya bodi na kuganda juu ya springi za nyuma. Gonga polepole kuanzia katikati kwenda nyuma. Chuma kizima kinalia kwa ukali, tii. Kilicholiwa kinatoa sauti ya kopo, na kidole kinarudi na unga mwekundu. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari kuukuu ni sababu ya kugonga zaidi, si ya kuridhika.

Fowili yenyewe ijaribu hivi, kama habu za mbele (vitovu vya magurudumu) ni za kuzungusha kwa mkono. Zizungushe hadi Lock, ingiza L4, tia gia ya kwanza, zima injini, weka mawe mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Nyanyua gurudumu moja la mbele kwa jeki ulizungushe. Likigoma baada ya kucheza kidogo, mnyororo wote kuanzia transfa, sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma, hadi habu umeshikana. Likizunguka lenyewe kama la baiskeli, kuna kitu kimekatika au habu mojawapo haishiki. Rudia upande wa pili. Jaribio la kuendesha lifanyie kwenye mchanga au udongo, kamwe si kwenye lami kavu. Gari la aina hii likikata kona kwenye lami likiwa L4, matairi hayapati pa kuteleza na nguvu inaishia kuvunja transfa au maungio ya propela.

Omba pia kilegezwe kile kizibo cha kujazia oili kwenye difu (sanduku la gia katikati ya ekseli), ya mbele na ya nyuma, uchovye kidole. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji. Kwenye matairi soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lililozidi miaka sita, hata likiwa na meno mazuri, lihesabie kubadilishwa. Mwisho linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na umiliki uhakikishwe TRA kabla ya malipo.

Salaam. Mto Matandu ukijaa tunakwama pande zote. Gari lenye mkonga linaweza kuvuka? (S.K., Nangurukuru)

Hapana, ndugu, na tunaomba jibu hili ulisambaze. Mkonga unapandisha mdomo wa injini wa kuvutia hewa, basi. Haulishikilii gari chini. Maji yanayokwenda, yakifika sentimita 30, yanaweza kulinyanyua gari dogo, na yakifika sentimita 60 yanabeba magari mengi, pikapu zikiwemo. Tena baada ya mafuriko lami inaweza kuonekana nzima kumbe udongo wa chini umeshachukuliwa, imebaki kama ganda. Mahali maji yanapopita juu ya barabara kwa kasi, simama, geuza, subiri.

Dimbwi lililotuama ni habari nyingine. Tafuta mtu anayelijua, pima kwa fimbo, na usizidishe kina cha katikati ya gurudumu. Pumzisha gari dakika 15 kabla ya kuingia. Difu ya moto ikizamishwa ghafla, hewa ya ndani inasinyaa na kunyonya maji kupitia sili na kipumulio. Ingia kwa L4, gia ya kwanza au ya pili, mwendo wa mtu anayetembea haraka, bila kubadilisha gia njiani.

Injini ikizimika majini usipige stata hata mara moja. Maji hayagandamiziki. Pistoni ya dizeli ya kizamani kama 3L, ambayo hugandamiza hewa zaidi ya mara 20, ikikutana nayo inapinda konrodi, ule mkono unaoishika pistoni. Livute nje kwa kamba, fungua nozeli au plagi za kupashia moto, zungusha injini iteme maji, badilisha oili na filta, ndipo uwashe. Ukishavuka salama, gusa breki kidogo kidogo hadi zikauke, na kesho yake kague oili ya difu.

Petroli au dizeli kwa mtu wa Liwale? Na nihifadhi lita ngapi? (Mwalimu, Liwale)

Mwalimu, dizeli, kwa sababu inaenda mbali zaidi kwa lita na haiwaki kirahisi kama petroli ikihifadhiwa. Hesabu yako iko hivi: kutoka Liwale hadi Nangurukuru ni kama kilomita 230. Gari linalokwenda kilomita 8 kwa lita barabara kavu linaweza kushuka hadi 5 kwenye tope. Hiyo ni lita 46 kwa njia moja. Ongeza 20 za kuzunguka na kugeuza. Kuanzia Desemba hadi Aprili tenki lisishuke chini ya robo tatu, na dumu moja la chuma la lita 20 likae bandani, si ndani ya nyumba wanamolala watu. Kila miezi mitatu limimine kwenye gari ujaze jipya.

Dizeli ya kununua kwenye mapipa iache ilale usiku kucha, vuta ya juu kwa mpira na uache sentimita tano za chini, ndiko maji yanakokaa. Kisha legeza skrubu iliyo chini ya filta umwage maji yaliyokusanyika. Beba filta moja ya akiba siku zote.

Mchanga wa Msimbati unatumaliza. Kila mara tunasukuma. (Kijana wa boti)

Kijana wetu, mnasukuma kwa sababu ya upepo uliozidi kwenye matairi. Kabla ya kuingia mchangani shusha matairi hadi psi 18, tairi litanenepa na kukanyaga eneo kubwa. Likianza kuzama, acha kukanyaga mafuta mapema, chimbua mbele ya matairi yote manne, laza makuti, toka kwa L4 taratibu. Kwenye lami jaza tena kabla ya kukimbia, tairi laini likipata joto linapasuka. Pampu ya kuchomeka kwenye betri ni ya lazima kuliko winchi.

Nina RAV4 tayari, nakaa Lindi mjini. Niiuze? (Dada Z.)

Usiiuze, dada. Njia zako nyingi ni za lami, na gari zima ulilonalo linakufaa kuliko fowili kuukuu utakayolipia gereji kila mwezi. Ivishe matairi mapya yenye meno ya kati, badilisha betri ikifika miaka mitatu, weka kamba ya kuvutia, koleo, tochi na lita 20 za maji ya kunywa. Kisha fuata tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019, kilichokwenda kupiga Cabo Delgado, Mtwara walitangaziwa kabla hakijafika. RAV4 iliyoondoka mchana ule tangazo lilipotoka, tenki limejaa na barabara bado kavu, haihitaji gia nzito.